Fundi wangu wa baiskeli amebadilika tangu nimpelekee spea za Kariakoo

Shikamoo Mama Mshauri,

Mimi ni nesi, naishi Kihonda, Morogoro, nina mume na watoto wawili. Najua unapokea barua nzito za ndoa na mirathi, na langu huenda likaonekana dogo. Lakini linaninyima raha kila nikitoka kazini, na kila ninayemgusia ananijibu, "Si uhame fundi tu?"

Kazini naenda kwa baiskeli. Ni ya mtumba wa Ulaya, ina gia, na ndiyo miguu yangu, kwa sababu bodaboda ya kila siku mshahara hauwezi, hasa nikiwa zamu ya usiku. Tangu tuhamie mtaa huu anayeitengeneza ni mzee mmoja mwenye kaduka ka spea. Ndani kuna tyubu na cheni zimetundikwa, gololi na spoki ziko kwenye makopo, na nje barazani yupo kijana anayejifunza ufundi kwake. Mzee ananiita Sista. Amenifaa sana. Kuna usiku alichelewa kufunga duka ili anizibie pancha kwa tochi ya simu niwahi zamu. Mshahara ukichelewa ananitengenezea kwa mali kauli. Hata baiskeli ya mwanangu mkubwa niliichukua kwake, nikalipa nusu, iliyobaki bado namalizia kidogo kidogo.

Shida ilianza na tairi. Tairi anazouza Mzee kwangu hazidumu, na ya mwisho ilipasuka ubavuni nikiwa njiani natoka kazini usiku, nikaikokota baiskeli kando ya barabara ya Dodoma huku malori yakinipita. Mfanyakazi mwenzangu akanipa namba ya duka moja la Kariakoo. Nikaagiza tairi mbili, cheni, fri (yale meno ya gurudumu la nyuma) na raba za breki, mzigo ukaja kwa basi, nikaupokea stendi ya Msamvu. Hata ukijumlisha nauli ya mzigo, bei ilikuwa chini ya ile ya mtaani kwetu.

Nikaupeleka mfuko mzima kwa Mzee anifungie. Akatoa kitu kimoja kimoja akavipanga juu ya benchi. Akaishika fri, akaizungusha karibu na sikio, halafu akaniuliza nimenunua shilingi ngapi. Nikamwambia. Hakusema neno. Tairi moja akaiweka pembeni: "Hii ya baiskeli za Phoenix, kwako haiingii." Na kweli haikuingia, ingawa zote mbili zimeandikwa 28. Vilivyobaki akamkabidhi kijana. Jioni nikaambiwa ufundi ni shilingi 15,000. Mimi nimezoea kulipa elfu mbili, elfu tatu. Nililipa, lakini niliumia.

Kibaya zaidi, tangu siku hiyo nikipanda mlima cheni inaruka. Nikarudi dukani. Mzee hata hakuinama kuitazama, akasema, "Waulize waliokuuzia." Barazani palikuwa na wateja, wanaume watupu, wakacheka. Nikaondoka. Siku nyingine nikapeleka pancha asubuhi, jioni nikaikuta baiskeli palepale nilipoiegemeza, wakati za watu waliokuja nyuma yangu zilishaondoka. Ilibidi niende zamu kwa bodaboda.

Mume wangu anasema nisijidhalilishe. Kuna duka jipya kando ya lami, lina vioo, baiskeli zinatundikwa kwenye stendi, na bei zimebandikwa ukutani. Anasema pia huenda Mzee aliiuza fri yangu ya zamani, maana sikurudishiwa. Sijui niamini lipi.

Halafu wiki iliyopita yule kijana alinifuata nje akaniambia kwa sauti ya chini, "Sista, nipe namba, niwe nakuja kukutengenezea nyumbani. Nusu bei. Mzee asijue." Nilitabasamu tu nikapanda baiskeli.

Mama, nilikosea kutumia hela yangu nitakako? Niombe radhi? Nihame? Nimkubali kijana? Mzee sitaki kumpoteza, ila sitaki pia kufungwa na duka moja maisha yangu yote.

Nesi wa Kihonda

MAJIBU

Marahaba mwanangu. Pole na kazi za zamu, na pole zaidi kwa kile kicheko cha barazani. Wala usilione jambo lako dogo. Mtu ambaye usiku wa manane anategemea magurudumu mawili kufika kwa wagonjwa, aliyemshikia magurudumu hayo ni mtu muhimu katika maisha yake, na mkikosana naye ni haki usilale vizuri.

Nimeisoma barua yako zaidi ya mara moja. Unaniuliza kama ulikosea kununua Kariakoo, lakini nikikusikiliza vizuri naona kinachokuuma zaidi ni kwamba mtu aliyekuwa anakujali ameacha kukujali, tena mbele za watu, na hujui kosa lako hasa ni lipi. Umelihusisha na ule mfuko wa spea. Inawezekana ndio wenyewe. Tuutazame huo kwanza, kisha nitakuonyesha kitu kingine ambacho umekipita haraka.

Ukikaa kwenye baraza la fundi baiskeli kuanzia asubuhi utaona jinsi hela inavyoingia. Kiraka, kupiga upepo, kukaza breki, kunyoosha rimu kidogo: hizo ni hela za chai na mboga. Kodi ya fremu ya duka, mtaji na posho ya kijana vinatoka kwenye faida ya tairi, cheni na tyubu anazouza. Zile elfu mbili ulizozoea kulipa hazikuwa bei kamili ya kazi ya mikono yake. Sehemu ya kazi hiyo ilikuwa inalipwa na spea ulizonunua kwake. Ulipokuja na spea zako, ufundi ulibaki peke yake na ikabidi ujilipe wenyewe. Hebu ona kazi yenyewe: kuvua na kuvisha tairi, kubana ufunguo wa fri kwenye jiriwa na kuzungusha gurudumu ili fri ya zamani ifunguke, kukata cheni mpya kwa kuwa huja ndefu, nyingi zikiwa na vipande 116, kisha kuzipanga raba za breki zikamate rimu bila kugusa tairi. Kwamba shilingi 15,000 kwa kazi hiyo ni halali au ni hasira, mimi kutoka hapa siwezi kukuambia. Mafundi wawili watatu wa Morogoro ukiwauliza, utapata picha. Ninachoona mimi ni kwamba alipaswa kukutajia bei kabla kijana hajashika spana. Hapo ulikuwa na haki ya kuumia.

Sasa huo unafuu wa Kariakoo. Nakuamini, bei ilikuwa chini. Hata hivyo, kwenye hesabu yako umeiweka ile tairi iliyokataa kuingia? Nayo uliinunua, nayo ililipiwa nauli. Namba 28, yaani inchi, imewatesa wengi. Ukiangalia ubavuni mwa tairi utakuta namba nyingine ndogo ya milimita yenye tarakimu tatu, ya kipenyo cha rimu pale tairi inapokaa. Baiskeli nyingi za gia za Ulaya zenye 28 ni 622. Zile Phoenix zetu za 28 kwa moja na nusu ni 635. Tofauti ni milimita 13, na hakuna nguvu ya mikono itakayoifanya tairi ya namba moja ikae sawasawa kwenye rimu ya nyingine. Duka la mbali hukuuzia ulichotaja kwenye simu. Mzee wako aliitambua kwa jicho, kabla hata ya kuijaribu. Ujuzi huo ndio uliokuwa unaulipia bila kuandikiwa risiti, na nadhani siku ile, kabla hujaagiza, neno moja tu la "Mzee, nichukue namba gani?" lingekuokolea hela na pengine lingemfanya ajione bado ni fundi wako.

Lakini sitaki uelewe kwamba namtetea. Malalamiko yako ya tairi ni ya kweli. Tairi inayopasuka ubavu usiku, malori yakikupita, si ya kuvumilia kwa ajili ya ujirani. Ningependa tu kujua kama uliwahi kumwambia. Sio kunung'unika moyoni, namaanisha kumwekea ile tairi iliyopasuka mbele yake na kumuuliza imekufaje. Ubavu hupasuka kwa sababu tairi ni hafifu, ndiyo, lakini hupasuka pia kwa kutembea na upepo mdogo huku nyuma kuna mzigo, au kwa raba ya breki inayokula tairi badala ya rimu. Ukiendelea na tairi nzuri juu ya breki iliyokaa vibaya, nayo itakwisha vilevile. Fundi anayeiona baiskeli yako kila mara ndiye anayeweza kukuambia ni ipi kati ya hizo.

Kuhusu cheni kuruka, kabla ya kukujibu nilimuuliza fundi ninayemwamini. Akaniambia kuna mambo matatu angeanza nayo. Fri na cheni ni mpya lakini sahani ya mbele kwenye pedali ni ya zamani, na meno yake yakiwa yameliwa hadi yamelala kama mapezi ya papa, cheni mpya haikai, hasa ukikanyaga kwa nguvu mlimani. Au waya wa gia haukurekebishwa baada ya kubadilisha fri. Au kipande kimoja cha cheni kimekaza pale ilipokatwa na kuungwa. Kosa la kwanza si la duka la Kariakoo wala si la kijana. La pili na la tatu ni la aliyefunga. Na hakuna anayeweza kujua ni lipi bila kuinama na kuzungusha pedali. Kwa hiyo lile jibu la "waulize waliokuuzia" lilitolewa bila kuangalia, na ufundi ulishalipwa. Hata kama spea zilikuwa zako, kuijaribu baiskeli kwenye gia zote kabla ya kumkabidhi mwenyewe ni sehemu ya kazi. Hilo unaweza kumwambia Mzee ukiwa umeinua uso, kwa heshima zote za umri wake.

Ile fri ya zamani, mwanangu, mwambie baba watoto aiache. Fri iliyokwisha meno thamani yake ni ya chuma chakavu. Tena fundi asiyekuwa na ufunguo wake maalumu huifungua kwa patasi na nyundo, ikitoka imeshaumia. Uwezekano mkubwa ipo kwenye kopo chini ya benchi. Siku nyingine sema mapema, kabla ya kazi kuanza, kwamba vitu vya zamani utaondoka navyo. Fundi mwaminifu hawezi kuudhika kwa hilo, na nyumbani hakutakuwa na la kubuni.

Sasa nirudi kwenye kile ulichokipita haraka. Umeniandikia kwamba baiskeli ya mwanao ulilipa nusu na "iliyobaki bado namalizia kidogo kidogo". Ukaenda moja kwa moja kwenye tairi. Mimi nilisimama hapo. Jiweke nyuma ya lile benchi. Mteja unayemdai anakuja na mfuko wa bidhaa mpya, kila kimoja kimelipiwa taslimu kwa mtu wa Dar es Salaam ambaye hata hamjui sura. Ukamuuliza bei, akakutajia. Alinyamaza. Ukimya ule wewe umeusoma kuwa ni wivu wa biashara, na huenda ndivyo. Huenda pia alikuwa anahesabu.

Silisemi hili kukuhukumu. Deni mlikubaliana, unalipa, na mshahara wa nesi naujua unavyogawanyika. Pengine Mzee hana habari kabisa na deni hilo na mimi ndiye ninayelikuza. Wewe unamjua, mimi simjui. Nakuomba tu ujiulize: mara ya mwisho kupunguza ilikuwa lini, na yeye ana namna gani ya kukukumbusha bila kujiona anaomba? Wazee wengi wa aina yake hawawezi kumdai Sista aliyewachoma sindano wajukuu zao. Wananuna tu.

Njia ulizo nazo ni hizi ninazoziona, na kila moja ina gharama yake.

Unaweza kumwendea. Kama utachagua hivyo, usiende asubuhi wakati foleni imejaa na lile baraza lina watazamaji. Nenda saa za jua kali la mchana, au jioni anapoingiza vitu ndani. Usiende na baiskeli iliyoharibika, kwa sababu utaonekana umefuata huduma. Kama una chochote cha kupunguza deni, anza nacho, hata kiwe kidogo, na mkubaliane kwa maandishi kimebaki kiasi gani, kwenye daftari lake na lako. Kisha sema yaliyokuuma kwa maneno yako mwenyewe: kicheko, pancha iliyolala kutwa. Hujaniambia kama yeye alicheka. Ni wateja waliocheka, na yawezekana hakupenda.

Kuhusu radhi uliyoniuliza, sioni unachopaswa kuombea radhi kwa kununua ulikotaka. Lakini kuna tofauti kati ya kuomba radhi na kumwambia mtu mzima, "Mzee, ningekuuliza kwanza." Hilo la pili halikushushi.

Halafu kuna ombi ambalo kwa maoni yangu lina maana kuliko yote, kama mazungumzo yatafika huko: mwambie akuagizie yeye. Mpe hela mbele, mpe namba ya tairi, aongeze faida yake mnayokubaliana wazi, na mzigo ukija una kasoro airudishe yeye. Kuna uwezekano hata yeye mzigo wake unatoka hukohuko Kariakoo. Haweki tairi nzuri dukani kwa sababu wateja wengi mtaani wanataka ya bei ya chini, na akiiweka mtaji wake unakaa ukutani miezi. Wewe ukilipa kabla, kikwazo hicho kinaondoka. Utalipa zaidi kidogo ya ulivyolipa mwenyewe. Utapata mtu wa kumrudia. Hatari yake ni kwamba hela ya mbele inaweza kuingia kwenye kodi na mzigo ukachelewa, kwa hiyo usianze na kitu kikubwa. Na kuna hatari nyingine, kwamba ataendelea kununa. Utakuwa umejaribu, na utaumia tena, nalo ulipime kabla ya kwenda.

Duka la vioo si dhambi. Bei ya ukutani ni kitu kizuri na ningetamani kila fundi angekuwa nayo. Kama vijana wale wanajua gia, baiskeli yako inaweza kupona pale kwa muda mfupi. Kabla ya kuwakabidhi zamu zako za usiku, wape kitu kimoja uwaone: waambie cheni inaruka mlimani, unyamaze, usiwape sababu yoyote. Anayeanza kuangalia meno ya sahani na waya wa gia, huyo anajua. Anayekuambia hapohapo ubadilishe kila kitu, fikiri mara mbili. Angalia pia kama wanakuuzia kitu kimoja kimoja. Mimi haya maduka madogo ya mtaani nayapenda, na moja ya sababu ni hiyo. Ukihitaji spoki moja unapata moja, gololi mbili unapata mbili, na baiskeli inatembea jioni hiyohiyo. Mwenye hela ya kubangaiza anaelewa thamani yake. Duka linalokuuzia pakiti nzima linamfaa mwenye uwezo wa pakiti. Na je, wanafunga saa ngapi? Wewe unatoka na kuingia saa ambazo wenye vioo wameshafunga.

Wapo wanaogawa: gia kwa wenye zana zake, pancha na breki kwa fundi wa karibu. Inawezekana kabisa, mradi kila mmoja ajue. Ukijificha ukizunguka uchochoro wa nyuma ili Mzee asikuone ukielekea lami, hapo umejitafutia mzigo mwingine.

Mengine jifunze mwenyewe na wala hayatamuudhi mtu. Kupiga upepo unaostahili, maana kiwango kimeandikwa ubavuni mwa tairi. Kufuta cheni kwa kitambaa na kuitia mafuta kidogo. Kupima cheni kwa rula ya inchi: vipande 24 kutoka katikati ya pini hadi katikati ya pini ni inchi 12 kamili, na ikizidi kwa moja ya kumi na sita ya inchi, imechoka, ibadilishe kabla haijala fri na sahani. Ukienda kwa fundi yeyote ukiwa na vipimo hivyo, mazungumzo yanakuwa mengine. Baiskeli nayo ioshe matope kabla ya kuipeleka. Na ipeleke ikianza kulalamika, sio asubuhi ya siku ya zamu, kwa sababu ukimpa fundi saa chache na yeye ana foleni, anayebaki nyuma utakuwa wewe, hata mkiwa mnapendana.

Nimeliacha la kijana mwishoni kwa kuwa ndilo linalonitia wasiwasi zaidi.

Namuelewa. Posho ni ndogo, mikono yake ndiyo iliyofunga fri yako, na katika zile 15,000 huenda hakuona hata elfu. Hana ubaya wa kutamani kuanza kujitegemea. Lakini tazama anachokuomba ukibebe. Anakwambia "Mzee asijue", na mtaa wa Kihonda unaujua wewe kuliko mimi. Siku Mzee akijua, wewe utapoteza fundi, kijana atapoteza benchi, jiriwa, spana na mwalimu kabla hajamaliza kujifunza. Tena spea za kazi za nyumbani kwako zitatoka wapi? Utazinunua wewe, au atazichukua kwenye makopo ya Mzee usiku? Hutakuwa na njia ya kujua. Na cheni inayoruka aliifunga yeye. Hajaniambia mtu, na wala hujaniandikia, kama hata alijitolea kuitazama siku ile.

Kwa upande mwingine, kijana wa watu kumsaidia kusimama ni jambo jema. Kama moyo wako uko huko, kuna njia ya wazi: kumuuliza Mzee kama unaweza kumwita kijana nyumbani siku ukiwa umetoka zamu, kwa bei ambayo dukani wanaijua. Baadhi ya wenye maduka hukubali, wengine hawataki kusikia.

Kati ya yote haya utachagua wewe, kwa sababu wewe ndiye unayepita mbele ya baraza lile kila siku. Mume wako mshirikishe, ila mwambie pia habari ya deni na ya ile tairi ya Phoenix, maana naona amesikia sehemu tu ya mambo. Mzee unaweza kumpa muda, na hata duka la vioo halihami kesho. Kijana hawezi kusubiri. Alikuomba namba, ukatabasamu ukaondoka, na kwa kijana mwenye haja tabasamu ni jibu la ndiyo. Mwambie kitu cha kueleweka wiki hii, kabla hajaja kugonga mlango wako akiwa na spana mfukoni.

Mama Mshauri